Shika Kwanza, Kata Baadaye: Somo la Kukata Nondo

1. Chuma kilichofichwa

Ukisimama mlangoni pa nyumba iliyojengwa kwa matofali na saruji, tazama juu ya kichwa chako. Hapo pana boriti ya zege, nayo mafundi huiita linta. Boriti hiyo yabeba matofali yote yaliyo juu yake, na chini yake pako wazi, wala hapana nguzo katikati. Je, ni kitu gani kiizuiacho isivunjike? Kwa macho huwezi kukiona. Ndani ya zege zimelala fito za chuma, nazo ndizo ziitwazo nondo.

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Likiisha kushikana huwa gumu kama jiwe. Ukiligandamiza lastahimili sana, lakini ukilivuta lapasuka upesi. Kwa kuwa nguvu yake ya kustahimili mvuto ni kama sehemu moja tu katika kumi ya nguvu yake ya kustahimili mgandamizo. Boriti ilemewapo hupinda kidogo mno, hata jicho lisione: upande wa juu wagandamizwa, na upande wa chini wavutwa. Kwa hiyo fundi hulaza nondo upande wa chini, ili chuma kiubebe mvuto ambao zege haliwezi kuubeba. Tena chuma na zege vipatapo joto hutanuka karibu sawasawa. Basi hata jua likiwaka havitengani.

Mmoja wa watu walioieneza hekima hii alikuwa Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa. Alikuwa akitengeneza vyombo vya saruji vya kupandia maua, akatia wavu wa chuma ndani yake ili visivunjike. Mwaka 1867 alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Leo hekima ile ile yashikilia madaraja, matangi ya maji na majumba marefu.

Nondo hutoka kiwandani zikiwa ndefu, mara nyingi mita 12. Unene wake ni wa namna nyingi: milimita 8, 10, 12, 16, na zaidi ya hapo. Nondo moja ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na zaidi. Wala hapana mlango wenye upana wa mita 12. Kwa hiyo sharti nondo zikatwe. Na katika kazi hii watu wengi wameumia bure kwa kutojua. Someni basi habari za wavulana wawili waliofundishwa na mzee mmoja.

2. Miwani na hesabu

Shule moja ya misheni ilikuwa ikijenga darasa jipya lenye milango miwili. Wavulana wawili wa darasa la juu walitumwa karakanani kumsaidia fundi mkuu. Huyo alikuwa mzee wa mvi, mpole wa maneno, naye alivaa miwani ya kukinga macho tangu asubuhi hata jioni.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mmekuja kutazama kazi, au kuifanya?”

“Tumekuja kuifanya, Mzee.”

“Vema. Basi vaeni hizi kwanza.” Akampa kila mmoja miwani yake. Kisha akawatazama miguu na nguo. Aliyevaa kandambili alimpa viatu vya ngozi, na aliyevaa shati lenye mikono mipana alimwambia aikunje mpaka juu ya kiwiko.

Yule mvulana mkubwa akatabasamu, akasema, “Lakini Mzee, msumeno haujaguswa bado. Miwani ya nini sasa?” Mzee hakujibu neno. Alichukua utepe wa kupimia, akasema, “Hesabuni.”

Mlango mmoja ulikuwa na upana wa sentimita 90. Linta haina budi kulala juu ya ukuta sentimita 20 kila upande. Jumla sentimita 130. Lakini nondo haifiki mpaka mwisho wa zege. Huachwa sentimita 2 na nusu kila upande, ili zege liufunike mwisho wa chuma, kutu isiupate. Basi kila kipande kitakuwa sentimita 125. Linta moja yataka nondo 4, na milango ni miwili, vipande 8. Mara 8 kwa 125 ni sentimita 1,000, yaani mita 10.

“Zitabaki mita 2 kamili,” akasema yule mkubwa.

“Si kamili, mwanangu. Msumeno nao hula. Kila mkato hula kama milimita 1. Ukisahau chakula cha msumeno, kipande cha mwisho hakitatosha.”

Wakapima, wakatia alama kwa chaki, wakapima tena mara ya pili. Mzee akasema, “Kipande kirefu chaweza kukatwa tena, lakini kifupi hakirefuki. Nondo fupi isipofika ukutani, watoto watapita kila siku chini ya mlango wasijue kilichopungua juu yao.”

3. Jiliwa

Mzee alipogeuka kuutafuta msumeno mwingine, yule mvulana mdogo aliona afadhali aanze. Akaikanyaga nondo kwa mguu juu ya gogo, akaanza kukata. Ikabingirika. Msumeno ukaruka, na vifundo vya vidole vyake vikachubuka juu ya chuma, damu ikatoka.

Mzee hakumkaripia. Alimwosha jeraha kwa maji safi na sabuni, akalifunga kwa kitambaa safi, akamwuliza, “Umeumizwa na nini?”

“Na msumeno, Mzee.”

“Sivyo. Umeumizwa na nondo isiyoshikwa. Chuma kilichoshikwa vema hukatika tu. Chuma kisichoshikwa hukatika na kukata. Katika karakana hii sheria ni moja: shika kwanza, kata baadaye.”

Ndipo akawapeleka kwenye jiliwa. Jiliwa ni chombo cha chuma kilichokazwa mezani, chenye taya mbili zibanazo kitu kwa parafujo. Akaitia nondo kati ya taya, akaikaza kwa nguvu. Ile alama ya chaki aliiacha nje ya taya kwa upana wa vidole viwili tu. Alama ikiwa mbali na taya, nondo hutetemeka na kulia, na meno ya msumeno huvunjika.

Sehemu ndefu ya nondo, iliyokuwa nyuma ya jiliwa, aliilaza juu ya magogo yaliyo sawa na kimo cha taya, ili isininginie. Mwishoni mwake akafunga kitambaa chekundu, mpitaji asije akajichoma. Kipande kitakachokatwa kilitokeza mbele, na yule mvulana mkubwa akaambiwa akishike mwishoni.

“Kishike, lakini usikiinue,” akasema Mzee. “Ukiinua, mkato utafumba na kuubana msumeno. Wala usikiache kianguke, maana kitashukia vidole vya miguu. Kiwe mkononi mwako kama mtoto aliyelala.”

4. Msumeno wa chuma

Msumeno wa kukatia chuma una fremu, mpini, na ubapa mwembamba wenye meno. Mzee aliwaonyesha mambo matatu kabla ya kuanza.

Kwanza, meno yaelekee mbele, mbali na mpini, kwa kuwa msumeno huu hukata usukumwapo, si uvutwapo. Pili, ubapa ukazwe barabara; ukilegea hupinda na kuvunjika, na mkono wa mkataji huangukia chuma. Tatu, meno yawe ya kadiri ifaayo. Ziko bapa zenye meno 18 katika inchi moja, nyingine 24, nyingine 32. Yale makubwa ya 18 yafaa kwa nondo nene, ya 24 kwa zilizo nyembamba zaidi, na yale madogo ya 32 ni ya mabati na mabomba membamba. Kanuni yenyewe ni hii: meno yasiyopungua matatu yakiguse chuma kwa wakati mmoja. Yakipungua, jino moja hubeba kazi ya matatu, likang’oka.

Nondo nyingi zina mistari iliyoinuka mwilini mwake, ili zege lipate kuishika. Msumeno huteleza juu ya mistari hiyo. Kwa hiyo Mzee alichukua tupa, akakwaruza kijifereji kidogo kati ya mstari na mstari, mahali pa alama. “Hapa ndipo mlango wa msumeno,” akasema.

Yule mvulana mdogo akasimama, mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia mpinini, wa kushoto mbele ya fremu. “Sukuma kwa kugandamiza, rudisha kwa wepesi,” Mzee akamwongoza. “Tumia urefu wote wa ubapa, usisugue katikati tu. Hesabu mwendo wako: mara 40 hata 50 kwa dakika, basi. Ukienda mbio meno yapata moto, yakipata moto yapoteza makali, na utakuwa unasugua badala ya kukata.”

Mvulana akaenda polepole. Chenga za chuma zikaanguka kama unga wa kijivu. Alitaka kuzipuliza kwa kinywa, Mzee akamzuia, “Tumia brashi. Ukipuliza, zitarudi usoni.”

Walipofikia kipande cha tatu ubapa ukavunjika. Yule mkubwa akatia mpya, akataka kuendelea katika mkato ule ule. Mzee akasema, “Ngoja. Meno mapya ni mapana kuliko yaliyolika. Katika mkato wa zamani yatabanwa, na ubapa huu utavunjika kama wa kwanza. Legeza jiliwa, igeuze nondo chini juu, ikaze tena, uanze upande wa pili.” Wakafanya hivyo, na mikato miwili ikakutana katikati.

“Sasa karibu itakatika. Punguza nguvu. Mtu husukuma kwa nguvu zote, chuma hukatika ghafula, naye huanguka mbele juu ya ncha. Mwisho wa mkato ndipo mahali pa upole.”

Nondo ikakatika bila kishindo, na kipande kikabaki mkononi mwa aliyekishika. Yule mdogo alinyosha kidole kuugusa mwisho uliokatwa. Mzee akaushika mkono wake. Mwisho wa chuma kilichokatwa sasa hivi ni wa moto, na ukingo wake una ncha kali kama wembe. Wakaulainisha kwa tupa pande zote, ndipo wakakiweka kando.

5. Jicho la Mzee

Adhuhuri walipumzika chini ya mwembe. Mzee akavua miwani apanguse jasho, na wavulana wakaona kwa mara ya kwanza kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe, halioni. Wakanyamaza.

“Uliniuliza miwani ya nini,” akamwambia yule mkubwa. “Nilikuwa mwanagenzi, mwenye umri uzidio wenu kidogo. Siku hiyo hatukuwa na msumeno. Nikachukua tindo na nyundo.”

Tindo ni patasi ya chuma cha pua, ya kukatia chuma kwa kupigwa nyundo. Mafundi huilaza nondo juu ya fuawe, lile chuma kubwa la mhunzi, wakitanguliza bamba la chuma laini chini yake ili makali ya tindo yasiharibike. Nondo hushikwa isibingirike, na tindo hushikwa kwa koleo, si kwa vidole, nyundo isije ikakosea. Hupiga, hugeuza nondo kidogo, hupiga tena, mpaka kovu lizunguke pande zote. Kisha huibana katika jiliwa, kovu likiwa karibu na taya, huivika bomba, na kuipinda polepole huku na huku hata ivunjike. Hakuna asimamaye mbele yake.

“Kazi hiyo nilifundishwa vema,” Mzee akaendelea. “Lakini tindo yangu ilikuwa ya zamani. Kichwa chake kwa kupigwa sana kilikuwa kimechanua kama uyoga, na kingo zake zimepasuka. Mwalimu wangu alikuwa ameniambia nikinoe kwenye jiwe kabla ya kazi. Nikasema moyoni, nitanoa kesho. Nilipiga mara tatu. Mara ya tatu kipande kidogo kuliko punje ya mtama kiliruka kutoka kichwani mwa tindo. Sikusikia sauti. Niliona giza tu upande mmoja.”

Yule mkubwa akainama, akasema, “Nisamehe, Mzee.”

“Hukunikosea. Aliyenikosea ni kijana aliyesema ‘kesho’, naye ni mimi. Kumbukeni kwamba nondo ile niliishika vema. Nisichokishika ni kile kipande kidogo. Vidogo virukavyo hakuna mkono uwezao kuvishika, isipokuwa miwani. Ndiyo sababu miwani huja kabla ya kazi, wala haiondoki kabla ya kazi kwisha.”

6. Mkasi mkubwa na mashine

Alasiri Mzee aliwaonyesha mkasi mkubwa wa kukatia chuma, wenye mikono mirefu. Huo hukata upesi, lakini una mipaka. Unene wa chuma uwezao kukatwa huandikwa juu yake au katika karatasi yake. Mtu asiuzidishe, wala asirefushe mikono yake kwa bomba ili kuongeza nguvu, maana taya zaweza kupasuka. Nondo huwekwa ndani kabisa ya taya, si nchani. Tena kipande kifupi kikikatwa huruka kama mshale. Kwa hiyo mwisho wake huelekezwa chini, na kufunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji, wala mtu hasimami upande huo.

Ukutani palikuwa pametundikwa mashine ya umeme ambayo mafundi huiita grinda. “Hii sitawapa,” akasema Mzee. “Ni ya watu wazima waliofundishwa.” Akawaeleza sababu. Diski za kukatia zitumikazo sana huandikwa kwamba ukingo wake usizidi mwendo wa mita 80 kwa sekunde moja; nao ni kilometa 288 kwa saa. Diski iliyopasuka, au iliyotiwa katika mashine yenye mzunguko wa kasi kuliko ulioandikwa juu yake, yaweza kutawanyika vipande. Kwa hiyo kinga yake ya chuma haiondolewi kamwe, na mashine hushikwa kwa mikono miwili. Cheche zake huruka mbali. Petroli, majani makavu na takataka huondolewa kwanza, na maji au mchanga huwekwa karibu.

“Na nondo?” akauliza yule mdogo.

“Nondo hubanwa katika jiliwa, kama ile ya asubuhi. Kipande kikatwacho huachwa upande mmoja huru, mkato upate kufunguka wenyewe. Ukifumba, diski hubanwa, na mashine huruka nyuma kumpiga aishikaye. Waona, mwanangu? Chombo kimebadilika, sheria haikubadilika.”

7. Mlango

Jua lilipokaribia kutua vipande 8 vilikuwa vimelala sawasawa. Wakavipima tena kimoja kimoja. Vilipungua au kuzidi kwa milimita moja au mbili tu. Wakafagia chenga kwa ufagio, wasije watu wakazikanyaga, na mabaki ya nondo wakayaweka mahali pake. Ndipo Mzee akasema, “Sasa vueni miwani.”

Zile nondo zikatiwa ndani ya kiunzi cha mbao, zege likamwagwa, likamwagiwa maji siku nyingi ili lishikane vema. Mbao zilipoondolewa hapakuonekana chuma hata kidogo. Watoto wa darasa la kwanza waliingia kwa mlango ule wakikimbia, wala hapana aliyetazama juu, ila wavulana wawili. Yule mdogo alikuwa na kovu dogo kwenye kifundo cha kidole, nalo alilitazama pia.

Wahenga wasema, “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Mzee yule alilipa kwa jicho ili aujue ukweli huo, wewe waweza kuujua kwa kusoma tu. Uwapo na nondo mbele yako, au kazi yoyote ya chuma, jiulize maswali matatu kabla ya kuinua chombo: Kazi imeshikwa na nini? Itakapokatika, itaangukia wapi? Macho yangu yamefunikwa? Kama jibu moja halipo, weka chombo chini.

Maswali

1. Kwa nini nondo huwekwa upande wa chini wa linta?
2. Mlango una upana wa sentimita 100. Kwa kanuni ya Mzee, kila kipande cha nondo kitakuwa na urefu gani?
3. Meno ya msumeno wa chuma yaelekee upande gani? Kwa nini?
4. Kwa nini ubapa mpya hautiwi katika mkato wa zamani?
5. Yule mvulana mdogo alisema ameumizwa na msumeno. Mzee alimjibuje, na maana ya jibu lake ni nini?
6. Tindo ya Mzee ilikuwa na kasoro gani, nayo ilimpasa kufanya nini kabla ya kazi?
7. Eleza kwa maneno yako jinsi sheria ya “Shika kwanza, kata baadaye” itumikavyo kwa msumeno, kwa mkasi mkubwa na kwa grinda.